Lupita alianzia jukwaani au kwenye kamera? Mimi naambiwa "unapiga kelele"

NyotaYaPembeni:

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mwigizaji wa jukwaani, huu ni mwaka wa tatu. Kikundi chetu kinaigiza kwenye kumbi za watu mia mbili, mia tatu, na maikrofoni hatuna. Sauti yako ndiyo maikrofoni. Nimezoea hivyo, na bila kujisifu, nasikika mpaka kiti cha mwisho.

Mwezi uliopita nikapata kisehemu kwenye filamu. Sini mbili tu. Zote mbili nampokea mgeni, namimina chai, namwambia mume wangu hayupo. Basi. Mistari minne. Ya kwanza tumeirudia mara 11! Kila nikimaliza, mwongozaji: "Dada, unapiga kelele." Nikashusha sauti. "Bado unapiga kelele." Nikanong'ona kabisa. Akasema, "Sasa uso wako ndio unaopiga kelele." Vijana wa taa wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma habari za Lupita Nyong'o, maana nasikia naye alitokea jukwaani. Lakini kila ninachosoma ni kilekile: alimaliza chuo, akapata filamu ya kwanza, akachukua Oscar. Kama mtu aliyeamka asubuhi akakuta nyota imeanguka uani. Hivi ndivyo ilivyokuwa kweli? Kabla ya hapo alikuwa anafanya nini? Na nyie mliofanya vyote viwili, mtu anahamaje kutoka jukwaani kwenda kwenye kamera bila kupoteza alichonacho? Au nirudi zangu jukwaani?

Sini ya pili tunaishuti wiki ijayo na sijalala vizuri tangu siku ile.

---

Mzee_wa_Kiti_cha_Mwisho:

Rudi jukwaani, sisi wa nyuma tunakuhitaji. Natania, binti. Subiri MshikaKibao aamke, huu ni uwanja wake.

---

MshikaKibao:

Nimeitwa, nimekuja. Mdogo wangu, kwanza pole na hao wa taa. Huwa wanacheka hivyo kwa kila mgeni, na kesho yake ndio wanaokuwekea kiti kivulini. Usiwachukie.

Nijitambulishe kidogo ili ujue nasemea wapi. Nimekaa kwenye michezo ya jukwaani miaka sita, na mingi ya hiyo nilikuwa nyuma ya pazia na karatasi za mistari, yule anayemnong'oneza aliyesahau. Kisha nikaingia kwenye filamu kwa mlango wa jikoni. Nikashika kibao, kile kinachopigwa paa mbele ya kamera kabla ya kuanza, baadaye nikawa yule dada mwenye daftari anayeandika kikombe kilikuwa mkono gani, kifungo kipi kilikuwa wazi, nywele zilikuwa mbele ya bega au nyuma. Kampuni iliyonipa kazi ya kwanza mpaka leo haijanilipa, lakini hayo tuyaache.

Kuhusu Lupita. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hesabu mwenyewe: alizaliwa mwaka 1983 jijini Mexico, ambako baba yake alikuwa akifundisha, akakulia Kenya. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet jijini Nairobi na kundi la Phoenix Players. Oscar aliipokea tarehe 2 Machi 2014, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 31. Kati ya Juliet na siku hiyo kuna miaka 17. Hao wanaosema "ghafla" waiweke wapi hiyo miaka 17?

Na mingi kati ya hiyo hakuwa mbele ya kamera kabisa. Alikwenda Marekani kusoma filamu na maigizo Hampshire College, na filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya (ilitoka 2005) yeye alikuwa kwenye seti kama msaidizi wa uzalishaji. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo nikuambie ilivyo: unafika kabla ya jua na kuondoka baada ya magari. Unatumwa. Unawazuia watu wasipite wakati kamera inazunguka. Unakwenda kumwambia mwigizaji mkubwa kwamba wako tayari, unarudi kuwaambia wengine kwamba anakuja. Jina lako linapita mwishoni wakati ukumbi umeshasimama unatafuta viatu.

Huko ndiko Ralph Fiennes, mhusika mkuu wa filamu ile, alikomuuliza anataka kufanya nini maishani. Lupita ameeleza mwenyewe kwamba alijibu kwa woga kuwa angependa kuigiza. Na yule bwana hakumtia moyo kama tunavyotiana humu jukwaani, "utafika tu dada". Alimwambia aigize ikiwa tu hakuna kitu kingine duniani anachotaka kufanya. Mimi naona ni jibu la heshima kuliko sifa, ingawa najua likimwangukia mtu siku mbaya linaweza kumrudisha nyumbani.

Alikuwa pia kwenye kikosi cha nyuma ya kamera cha The Namesake ya Mira Nair, iliyotoka 2006. Liweke kichwani jina hilo, nitalirudia.

Halafu ukaja mwaka 2009, mwaka ninaoupenda kuliko wa Oscar. Akacheza Ayira kwenye Shuga, ile tamthilia ya MTV Base ya vijana wa Nairobi na habari za Ukimwi. Mwaka uleule ikatoka In My Genes, filamu ya kweli kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya, ambayo hakuigiza hata kidogo: aliiandika, akaielekeza, akaitayarisha. Na mwaka huohuo akaingia shule ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kuanza shahada ya uzamili ya miaka mitatu. Alikuwa na miaka 26. Jina analo tayari kwao, uso wake uko kwenye televisheni, naye anakwenda kukaa darasani kufundishwa kupumua.

Huko Yale, mwaka wa kwanza, walimpa kazi ambayo wengi wetu tungeona ni kudharauliwa: mwigizaji wa akiba. Mchezo uliitwa Eclipsed, wa Danai Gurira, wanawake watano katika vita vya Liberia. Mwigizaji wa akiba anajua mistari yote, anajua kila hatua, kisha anakaa pembeni kama mchezaji wa benchi akimwangalia mwenzake akiifanya.

Sasa kwa swali lako hasa. Mwongozaji wako ana haki, ila amekosa maneno. Tatizo lako si sauti.

Mtafute Lupita kwenye 12 Years a Slave (2013), filamu iliyompa Oscar, pale anapotuhumiwa ametoroka. Yeye ni Patsey, mtumwa kwenye shamba la pamba. Alikwenda kwa jirani kuomba kipande cha sabuni kwa sababu mke wa bwana wake amemnyima. Anarudi nacho mkononi. Anamwambia bwana wake kwamba ananuka mpaka anajichefua mwenyewe, kwamba anachuma ratili 500 za pamba kwa siku, zaidi ya mwanamume yeyote pale, na anachotaka ni kuwa safi tu.

Sikiliza sauti yake hapo. HANONG'ONI. Anapaza sauti, sauti inapasuka, na kamera haikumkataa. Kwa nini wewe ukiongea kwa kawaida unaambiwa unapiga kelele, na yeye akipayuka kule kila mtu anashika kifua? Kwa sababu yeye anamwambia mtu mmoja. Maneno yote yanakwenda kwa yule mwanamume aliyesimama mbele yake na yanaishia hapo. Wewe unamwambia mgeni "mume wangu hayupo", lakini unamwambia yeye pamoja na Mzee wa Kiti cha Mwisho. Uliponong'ona, ulinong'ona ili watu mia tatu waone kwamba unanong'ona. Ndiyo maana akasema uso unapiga kelele.

Kwa hiyo usipunguze chochote. Badilisha unayemwambia.

Kuna mama mmoja wa jukwaani nilifanya naye kazi, mtu mzito, akiingia tu jukwaani watu wananyamaza. Siku yake ya kwanza kwenye kamera ilikuwa kama yako. Sini yenyewe anaongea na mwanawe huku anashona kifungo cha shati. Walikuwa wamempa sindano bila uzi, aigize kushona. Akashona kwa mabega! Mkono unapanda juu kama anavuta ndoo kisimani. Teki ya nne (yaani kamera imeshaanza upya mara ya nne) mwongozaji akasimamisha kazi, akaomba uzi wa kweli na kifungo cha kweli, akamwambia, "Mama, mimi nataka kifungo kishike. Mengine sitaki." Yule mama akainama. Ikabidi atafute tundu, maana macho yake yalishaanza kuchoka. Mstari wa kumlaumu mwanawe ukatoka katikati ya kutafuta tundu, bila hata kuinua uso. Mtu wa sauti akageuka akanitazama.

Aliyeumia siku ile ni mimi. Kila teki kifungo kinakuwa kimeshonwa kweli, na teki inayofuata lazima kianze kikining'inia. Nilikaa na wembe nikikata uzi na kung'oa vinyuzi vilivyobaki, mara sita, yule mama akiniambia "pole mwanangu" kila nikikata.

Kwako wewe kifungo ni chai. Omba chai ya moto. Ukimimina chai ya moto kweli karibu na mkono wa mtu huna nafasi ya kuigiza kumimina.

Na kwa niaba ya dada mwenye daftari kwenye seti yenu, nakuomba: chagua neno. Unainua birika kwenye neno gani, unaiweka chini kwenye neno gani, kikombe kinajaa kiasi gani. Ukishachagua rudia hivyohivyo kila teki. Jukwaani leo unaweza kumimina mapema, kesho ukachelewa, nani atajua? Kwenye filamu wataunganisha teki ya 3 na ya 9, na kikombe kitajaa chenyewe kama cha mganga.

---

Chumvi_Kidogo:

Maelezo matamu, MshikaKibao, lakini mbona umeruka kitu? Baba yake ni Profesa Anyang' Nyong'o. Waziri, kisha seneta, kisha gavana wa Kisumu. Binti huyo alipelekwa Mexico akiwa na miaka 16 kujifunza Kihispania miezi saba! Sisi wengine tulipelekwa kwa bibi kuvuna. Msimwambie huyu dada kwamba ni suala la kumimina chai tu. Kuna waliomimina chai vizuri wakafa na vipaji vyao.

---

MshikaKibao:

Chumvi_Kidogo, sijaruka kwa kuficha, nimeruka kwa sababu aliuliza kazi. Lakini umesema kweli na sitabishana nawe kwa hilo. Kazi ya kutumwa kwenye seti ni tamu kwa mtu ambaye akikosa malipo mwezi huu bado atakula. Mimi niliyekuambia sijalipwa mpaka leo naijua tofauti hiyo vizuri sana. Chuo cha Marekani, miaka ya kujaribu hiki na kile, shule tena ukiwa na miaka 26: hayo yanahitaji mtu nyuma yako.

Ninachokataa ni pale wanapofika kusema Oscar nayo alinunuliwa na baba. Usaili wa Patsey alifanya akikaribia kumaliza Yale. Steve McQueen, mwongozaji, amesema zaidi ya wanawake elfu moja walisailiwa kwa nafasi ile. Waziri wa Kenya ana uzito gani kwenye chumba cha usaili cha Mwingereza anayetafuta mtu wa kuchuma pamba? Hapo ulibaki wewe na sabuni yako.

Na mtoto wa waziri angeweza kabisa kukataa kubeba redio ya upepo ya watu wengine.

---

FundiPazia:

Naongeza kwa hilo la mwigizaji wa akiba, maana MshikaKibao amelitaja akalipita kama basi la haraka na mimi ndiko nilikokulia.

Watu wanadhani ukiwa wa akiba unasubiri mwenzako augue. Wachache husubiri hivyo, na utawajua tu, kila siku wanauliza "umeamkaje?" kwa sauti ya matumaini. Lakini kazi yenyewe ni kuangalia. Unaona mwenzako usiku wa kumi anaacha kupumzika pale alipokuwa akipumzika, na ukumbi hauchekeshwi tena. Unaona kosa kabla yake. Hakuna darasa linalokupa hilo.

Sasa angalia Lupita alichofanya nalo. Ameshinda Oscar, simu hailali. Watu wote wanasubiri filamu kubwa nyingine. Mwaka 2015 anarudi New York, Public Theater, kwenye Eclipsed ileile aliyokaa benchi mwaka 2009, safari hii yeye ndiye Msichana, mhusika wa katikati. Mwaka 2016 mchezo ukapanda Broadway, kwenye zile kumbi kubwa za michezo za New York, ukumbi wa John Golden. Waigizaji wote wanawake weusi, mwandishi mwanamke mweusi, na mwongozaji, Liesl Tommy, hali kadhalika. Broadway ilikuwa haijawahi kuona hivyo. Akapendekezwa kwa tuzo ya Tony, ile ya michezo ya Broadway.

Kwa hiyo NyotaYaPembeni, hilo la "au nirudi zangu jukwaani" usiliulize kama mtu aliyeshindwa.

---

MshikaKibao:

Asante FundiPazia, na umenikumbusha deni langu. Nilisema muweke kichwani jina la Mira Nair. Miaka kumi baada ya The Namesake, ambako Lupita alikuwa kwenye kikosi cha kutumwa, ni Mira Nair huyohuyo aliyempa nafasi ya Nakku Harriet, mama wa mcheza sataranji wa Uganda, katika Queen of Katwe (2016). Mlango mmoja alitokea benchi, mwingine alitokea mezani pa chai.

Na kuna kitu kidogo kinachonichekesha kila nikikumbuka. Wikiendi ileile ya Oscar, mwaka 2014, kwenye majumba ya sinema ya Marekani ilikuwa imeingia filamu ya Liam Neeson, Non-Stop, vurugu ndani ya ndege. Muangalie mhudumu wa ndege. Ndiye. Maneno machache, trei, basi. Jumapili anakabidhiwa sanamu ya dhahabu na Jumatatu kuna watu walikata tiketi wakamwona anawahudumia abiria. Kwa hiyo hivyo visehemu vya kumimina chai usivione vidogo, mwenzako alikuwa navyo mpaka wiki ya mwisho.

---

Bi_Ushanga:

Mmesahau la karibuni, jamani. Agosti 2025, New York, ukumbi wa wazi wa Delacorte, Shakespeare wa bure bustanini. Twelfth Night. Lupita ni Viola, na mdogo wake wa kweli, Junior, ni Sebastian, pacha wake. Ndugu wawili waliopotezana baharini. Na walizungumza Kiswahili jukwaani! Mimi nilisoma tu habari hizo nikapiga vigelegele peke yangu, majirani wakadhani kuna harusi.

---

Chumvi_Kidogo:

Hapo Bi_Ushanga umenishika. Sina la kutia.

---

NyotaYaPembeni:

Wakuu nimerudi. Sini ya pili tumeishuti jana.

Nilifanya mlivyosema. Nilimwendea yule dada mwenye daftari mapema, nikamwambia nataka kuchagua neno la kuinua birika. Akanitazama kama nimemletea mahari. Tukakubaliana: nainua kwenye "hayupo", naweka chini kwenye "karibu". Nikaomba na chai iwe ya moto. Mtu wa vyombo akaguna lakini akaleta.

Teki ya kwanza niliharibu. Niliangalia chini kutafuta ile alama ya utepe sakafuni ya mahali pa kusimama, mwongozaji akasema kwa upole kwamba miguu itakuwa na akili yake nikiizoesha. Nikatembea mara tano bila kamera, nikihesabu hatua. Nne na nusu.

Teki ya pili, mgeni (ni kaka mmoja mzoefu) alikuwa amekaa karibu kuliko tulivyofanya mazoezi. Mvuke ukampiga usoni, akarudi nyuma kidogo. Mimi nikashtuka, nikasogeza kikombe, na mstari ukatoka nikiwa namuangalia yeye kama kaungua. Sikumbuki nilisemaje. Nakumbuka shavu lake lilikuwa limelowa.

Mwongozaji akanyamaza. Nikasubiri aseme napiga kelele. Akasema, "Haya, tugeuze kamera upande wa mgeni." Basi. Hakuna sifa, hakuna lolote. Nilikaa palepale nikaendelea kumiminia wakati wanamshuti mwenzangu, ingawa mimi sionekani. Mara saba.

Mmoja wa wale wa taa aliniletea kiti.

---

MshikaKibao:

Kumimina ukiwa huonekani, hiyo sikukufundisha mimi. Vizuri sana mdogo wangu.

Ila nijibu kitu kimoja, maana sitalala: kikombe kiliishia wapi?

---

NyotaYaPembeni:

Nusu. Teki zote.